Jumamosi Tulizomsubiri Bibi Kwenye Televisheni

Dishi bado lipo. Nimelikuta uani kwa jirani yetu wa zamani, limelala chali kando ya banda la kuku, kutu imelila pembeni, limejaa maji ya mvua ya juzi na kuku wanakunywa humo bila wasiwasi. Nilikuja Ifakara kwa msiba wa jirani huyo. Sikuwahi mazishi, maana Dodoma ninakofundisha si karibu, ingawa siku hizi lami imefika na mtu hakwami tena njiani siku mbili kama zamani. Nikawakuta watoto wake wanagawana vitu vya marehemu. Cherehani ilipata mtu, baiskeli ilipata watu wawili wanaoitaka, dishi halikupata mtu. Binti yake mkubwa akaniuliza kwa utani kama nitalibeba nirudi nalo Dodoma, wenzake wakacheka. Nilijaribu kucheka nikashindwa, nikasingizia uchovu wa safari.

Ngoja nikusimulie, maana wewe hukuwepo, na waliokuwepo wanazidi kupungua.

Jirani alikuwa dereva wa trekta kwenye mashamba ya miwa, upande wa Kidatu. Alipostaafu, mimi nikiwa shule ya msingi, alirudi mtaani kwetu na mke wake, cherehani ya mke wake, na lile dishi juu ya lori, limefungwa kamba kama ng'ombe anayepelekwa mnadani. Fundi wa kulisimika alitoka Mikumi. Alikaa siku mbili akilizungusha kidogo kidogo, huku jirani yuko sebuleni anaita kupitia dirishani: rudisha, ilikuwepo, sasa imetoka. Picha ilipotulia fundi akachora mstari wa rangi nyekundu kwenye nguzo, akasema dishi lisitoke kwenye mstari huo hata kwa bahati mbaya. Jirani aliyapokea maneno hayo kama amri ya kumi na moja. Akapanda maboga kuizunguka nguzo ili mtu asipite, akatutangazia watoto wa mtaa mzima kwamba atakayeigusa atakiona cha mtema kuni.

Lakini roho yake ilikuwa nyeupe. Mlango wake ulikuwa wazi kila siku baada ya shule, kwa sharti moja tu. Mlangoni kulikuwa na karai la maji na kipande cha gunia, unanawa miguu, unaikausha kwenye gunia, ndipo unaingia. Kwa tope la mtaa wetu wakati wa masika, lile karai lilikuwa linabadilishwa maji mara tatu kabla hatujamaliza kuingia. Mpaka leo nikiingia sebuleni kwa mtu mwenye televisheni kubwa, miguu yangu inajiuliza.

Katika chaneli zote alizozipata, iliyotuleta mbio ni ile ya muziki. Jina lake sina haja ya kulitaja, kama umri wako ni kama wangu unalijua, na alama yake pembeni ya kioo unaikumbuka. Mwanzoni ilikuwa ya watu wa mbali kabisa, wanaoimba ndani ya mabwawa ya kuogelea na kuendesha magari yasiyo na paa, jambo lililomsikitisha sana jirani kwa sababu ya mvua. Kisha ikatangazwa kwamba chaneli sasa ni ya Afrika. Watangazaji wakawa weusi kama sisi, wanazungumza Kiingereza cha Afrika Kusini, cha kuvuta pua. Zikafuata nyimbo za Afrika Magharibi, za wanaume wenye kanzu pana na kina mama wenye vilemba vikubwa kama ungo, halafu Wakongo. Kila baada ya miezi kadhaa chaneli ilisogea nchi moja au mbili zaidi. Tulikaa sakafuni tukiisubiri itufikie, kama tulivyozoea kusubiri maji ya mto yapande bondeni, leo yako kwa wenzenu, kesho yako mlangoni kwako. Siku mtangazaji alipotamka "mambo" kwa Kiswahili kibovu kabisa, tulipiga makofi mpaka mke wa jirani akatoka jikoni kuuliza nani kafunga goli.

Mimi na kaka yangu tulilelewa na bibi, mama mzaa mama, baada ya wazazi wetu kufariki. Bibi alikuwa mtu wa Mahenge aliyeolewa bondeni, mwembamba, mweusi tii, mchapakazi mwenye ulimi wa pilipili. Televisheni hakuipenda. Akipita dirishani kwa jirani alikuwa akiuliza kama wale wanaimba au wanagombana. Yeye alikuwa na shamba lake la mpunga Idete, na kama ujuavyo, mpunga wa kwetu hauachwi peke yake. Unapoanza kutia maziwa, mtu anahama nyumba yake anakwenda kuishi shambani, juu ya dungu, kile kibanda cha miti kinachoinuliwa juu ya maji na juu ya nguruwe, na hapo anakaa kuamia ndege, yaani kuwafukuza, mpaka mavuno. Kuanzia kunapopambazuka hadi jua linapozama ni makopo yaliyofungwa kamba, kombeo, na sauti. Zaidi ya yote ni sauti.

Wengine walikuwa wanapiga kelele tu, hoo, hoo, mpaka koo linakauka. Bibi alikuwa anaimba. Wimbo wake ulikuwa unawaambia ndege kwamba wamekosea njia, hapa ni kwa mjane asiye na kitu, waende shamba la pili kwa mwenye wake watatu, huko ndiko kuna mpunga. Mwenye wake watatu alikuwepo kweli, shamba la pili, na alikuwa anajibu kwa matusi ya heshima kutoka juu ya dungu lake. Siku za likizo nilikaa naye kule. Tulikula pepeta, mpunga mbichi uliokaangwa ukatwangwa ukawa bapa, na kitoga wa kuchoma tuliyemnunua kwa wavuvi wanaopita na mitumbwi. Vidole vilinuka moshi wiki nzima. Sijala kitu kitamu kama kile tangu hapo, na siamini nitakula.

Kaka alikuwa anafanya kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga pale mjini. Mashine ile ilikuwa na mngurumo wa kumfanya mtu asisikie hata mawazo yake, na kaka alikuwa akiimba juu yake, ndiyo maana alikuwa na sauti kubwa. Alitaka kuwa mwanamuziki. Nani hakutaka siku zile? Tofauti ni kwamba yeye alikwenda mpaka Morogoro mjini, akarekodi, na katikati ya wimbo wake, mahali ambapo wenzake wangeweka maneno ya Kiingereza, akaweka wimbo wa bibi wa kufukuza ndege. Akaja na kijana mwenye kamera mpaka Idete. Bibi alipandishwa dunguni kwake mwenyewe, akaambiwa aimbe kama kawaida. Aliwauliza kama wana akili timamu, kisha akaimba, akavuta kamba, makopo yakalia bonde zima, ndege wakaruka kama shuka linalokung'utwa.

Mkanda ulipelekwa Dar es Salaam kwa mtu aliyekuwa anakusanya nyimbo za kupeleka kwenye chaneli. Ulikuwa ni ule mkanda mkubwa wa studio, mmoja tu, usioingia kwenye deki ya nyumbani, kwa hiyo sisi wenyewe hatukuwahi kuiona hiyo video. Baada ya miezi kaka akapigiwa simu. Chaneli inafika kwetu rasmi, akaambiwa, wanataka vitu vya nyumbani, na bibi wa ndege wamempenda. Wimbo utaanza kupigwa mwezi ujao, kwenye kipindi cha Jumamosi, saa nane mchana.

Hapo ndipo bibi aliyeidharau televisheni akabadilika, na sababu yake alinieleza mimi peke yangu, tukiwa tunachambua mboga. Babu, enzi za uhai wake, alikuwa akimwambia kwamba akiimba anakunja pua kama msichana aliyeiba sukari, na kwamba ni kwa ajili ya ile pua alitoa mahari. Bibi hakuwahi kumwamini. Kioo cha nyumbani hakikumsaidia, maana mtu akijitazama anaimba anaona haya, uso unakuwa mwingine. Picha aliyokuwa nayo ni moja, ya kitambulisho, ambayo ndani yake ameduwaa kama mtu aliyeulizwa deni. "Nataka niione hiyo pua kabla sijafa," aliniambia. "Nikifika kwa babu yako nimwambie nimeiona, au nimwambie ni mwongo."

Na kufa hakukuwa maneno ya mdomoni. Miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba, ukiibonyeza linabaki shimo. Hospitali walisema moyo umekuwa mkubwa, wakampa vidonge na kumkataza kazi nzito. Alikuwa na haraka, na sote tulijua.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, ambalo nimekuwa nikilizunguka kama paka na uji wa moto.

Mwaka ule nilikuwa kidato cha kwanza, sekondari ya kutwa pale pale Ifakara. Mpunga wa bibi ndio ulionipeleka shule, na bibi hakuficha. Akikutana na mtu sokoni, kabla shikamoo haijaitikiwa alikuwa ameshasema mjukuu wake anasoma Kizungu. Kizungu chenyewe kilikuwa nini? Nilijua kutaja siku za wiki, vitu vya darasani, na kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Debe tupu haliachi kuvuma, na mimi nilivuma. Kwa jirani nilikaa mbele kabisa, nikawa nawatafsiria wenzangu wanayosema watangazaji. Nikielewa neno moja, natunga kumi. Hakuna aliyejua kunikosoa, nami nikazoea.

Majuma mawili kabla ya Jumamosi ile ya kwanza, maandishi yalianza kupita chini ya kioo. Meupe, madogo, yanakimbia. Yalipita, yakarudi tena, yakapita. Jirani alivaa miwani yake iliyofungwa uzi sikioni, akasogea, akarudi nyuma.

"Binti, hebu tusomee. Wanasema nini hawa?"

Niliona maneno niliyoyajua: Afrika Mashariki, watazamaji, mpya. Mengine yote yalikuwa giza, na mwishoni kulikuwa na namba ndefu. Sebule nzima ilinitazama, watoto wenzangu na mke wa jirani. Bibi naye alikuwepo siku hiyo, amekaa kwenye mkeka mlangoni akijifanya hasikilizi, lakini nilimwona amenyoosha shingo. Ningesema sijui. Maneno mawili tu, sijui, na yangeokoa kila kitu.

"Wanawashukuru watazamaji wapya wa Afrika Mashariki," nikasema. "Na hizo ni namba za simu, za kupiga kuwapongeza."

"Alaa," akasema jirani, akavua miwani. "Watu wastaarabu."

Bibi alitabasamu akiutazama mkeka. Tabasamu lile ninalo mpaka sasa, na sijui nilipeleke wapi.

Jumamosi ya kwanza alikuja kutoka Idete kwenye keria ya baiskeli ya kaka, mwendo wa asubuhi nzima kwa tope la msimu ule. Alikuwa amevaa kitenge cha Pasaka. Karai la mlangoni aliliingia kwa miguu yake iliyovimba, mke wa jirani akainama kumkausha kwa khanga badala ya gunia, akapewa kiti, yeye peke yake na jirani ndio waliokaa kwenye viti. Saa nane ikafika. Wakaimba watu wa Kusini. Wakafuata watu wa Magharibi. Wakaimba tena watu wa Kusini. Saa tisa ikapita na kipindi kikaisha.

"Labda wiki ijayo," kaka akasema.

Wiki iliyofuata umeme ulikatika saa nane kasoro, tukakaa tunazitazama nyuso zetu wenyewe kwenye kioo cheusi. Wiki ya tatu umeme ulikuwepo, ila bibi kwenye kioo hakuwepo. Kaka alimpigia simu yule mtu wa Dar, akiwa amesimama kwenye maboga, na mimi nikiwa dirishani nasikia.

"Bwana, mbona haupigwi?"

Aliyasikiliza majibu, akapandisha sauti. "Umeuona wewe leo? Sisi tuko mbele ya kioo hapa tangu saa saba. Chaneli gani? Hiyo hiyo. Alama naiona kwa macho yangu. Usinifanye mtoto."

Alikata simu. Tangu siku hiyo akaamini kwamba yule mtu ni tapeli, na kwamba ulimwengu wa muziki wote ndivyo ulivyo.

Nami nilianza kuhisi. Sikujua hasa, lakini kila nilipozikumbuka zile namba nilizitilia shaka, maana namba za simu haziandikwi vile. Kuna neno moja nililikariri lilivyoandikwa. Ningeweza kumwonyesha mwalimu wa Kiingereza kwa dakika moja, wakati wa mapumziko. Nilisimama nje ya ofisi ya walimu siku mbili tofauti. Kuuliza kulikuwa sawa na kukiri, na mimi ndiye mjukuu anayesoma Kizungu. Nikarudi darasani.

Kila Jumamosi ya safari ilikuwa na hasara yake kule Idete. Dungu likiachwa, ndege wanajua. Mwenye wake watatu alijitahidi kuwafukuza kwa niaba yake, lakini mtu mmoja haamii mashamba mawili. Bibi aliporudi alikuwa anakuta mashuke yamebaki makapi matupu. "Kweleakwelea hawana Jumamosi," alisema, na akaja tena Jumamosi iliyofuata, na nyingine, akihema kwa shida zaidi kila mara, kitenge kile kile cha Pasaka kikiwa kimefuliwa na kupigwa pasi.

Mara ya tano ndiyo ilikuwa ya mwisho. Kipindi kiliisha. Jirani, mtu wa watu, akajaribu kuwalaumu wenye chaneli, akasema ngoja ngoja huumiza tumbo, wale watu hawana adabu.

"Usiwalaumu, bwana," bibi akasema taratibu. "Wameniangalia wakaona kizee. Hata mimi televisheni ingekuwa yangu, ningeweka watu wenye meno."

Akacheka peke yake. Kaka alitoka nje. Mimi nilibaki nimeketi sakafuni, karibu na kiti chake kiasi kwamba kitenge kilinigusa bega, na nikanyamaza.

Hakurudi tena mjini kwa miguu yake. Mpunga ulipokuwa unakaribia kukatwa, mwenye wake watatu alisikia kimya upande wa shamba letu, na kwa kuwa alimjua bibi, akajua kimya kile si cha kawaida. Walimleta kwa trekta la mizigo, amelala juu ya majani, akiwa bado anapumua. Alifia hospitalini siku ya pili asubuhi. Tulimzika upande wa kanisa, karibu na babu, na kwaya ikaimba. Mimi sikuimba.

Siku ya tatu ya matanga alikuja mgeni kutoka Kidatu, mama wa makamo, mke wa mtu aliyefanya kazi na jirani kwenye miwa. Alikuwa amekuja kutoa pole kwa ajili ya ujirani tu, hatukumjua naye hakutujua. Picha ya bibi, ile ile ya kitambulisho iliyokuzwa, ilikuwa imewekwa kwenye meza ndogo barazani. Mgeni aliitazama, akasogea, akaitazama tena.

"Huyu si ndiye bibi wa ndege?" akauliza. "Wa kwenye televisheni?"

Baraza zima likageuka kumtazama.

"Sisi kule tumemwona mpaka tumemzoea," akaendelea, akidhani anatufariji. "Kila Jumamosi. Mwanangu mdogo akiusikia wimbo anaacha chakula. Anavyoimba anakunja pua hivi." Akaikunja pua yake.

Ilikuwa ndiyo pua yake. Ilikuwa ndiyo kabisa, sote tuliomjua bibi tuliiona usoni kwa mtu tusiyemjua, na wanawake waliokuwa wamemaliza machozi wakaanza kulia upya. Kaka alisema haiwezekani, sisi tumeangalia Jumamosi zote. Mgeni akashangaa. Akaeleza kwamba chaneli iligawanywa, Kusini ikabaki na ya kwake, na Afrika Mashariki ikafunguliwa ya kwake mpya, mahali pengine angani. Fundi wao aligeuza dishi kidogo na kuingiza namba mpya. "Mbona waliandika muda mrefu tu chini ya kioo," akasema. "Na namba waliziweka."

Jirani alikuwa amekaa upande wa pili wa baraza. Akainua macho akanitazama. Hakunitazama kwa hasira, ningependa ingekuwa hasira. Alinitazama kama mtu anayekumbuka alipoweka kitu. Kisha akashusha macho, akasema kwa sauti ya kusikika na watu wote:

"Macho yangu haya. Nayo miwani imekufa siku nyingi. Kosa ni langu."

Hivyo ndivyo ilivyobaki. Watoto waliokuwepo sebuleni siku ile walikuwa wameshasahau, mke wake akamuunga mkono, na mtaa mzima ukaamini kwamba ni mzee yule ndiye aliyeshindwa kusoma maandishi, na yeye hakuwahi kusema vinginevyo, si kwa kaka, si hata kwangu tukiwa wawili. Mimi niliendelea kumwamkia shikamoo, naye aliendelea kuitikia marahaba, binti, miaka yote hiyo. Juma lile lile aling'oa maboga, akamwita fundi, dishi likatoka kwenye mstari mwekundu. Tulikaa Jumamosi mbili, tatu, nne. Wimbo wa kaka ulikuwa umeshamaliza zamu yake, zimekuja nyimbo mpya za wenzetu, za Kiswahili safi, na watangazaji wetu wenyewe. Chaneli ilikuwa imefika kwetu kweli kweli, ila sisi tulikuwa tumeshachelewa.

Kaka hakurekodi tena. Alisema hana hamu.

Mimi nilisoma Kiingereza kama mtu anayelipiza kisasi, na sasa ndicho ninachofundisha. Mwanafunzi akiniambia sijui, huwa nampigia makofi, wenzangu ofisini wanadhani ni mbinu ya kufundishia. Nimeitafuta ile video miaka mingi. Mwenye mkanda Dar alihama, simu yake ikawa haipatikani. Mwenye kamera wa Morogoro hakumbuki. Kwenye mtandao, ambako watu wanasema hakuna kinachopotea, haipo. Na hivi karibuni nimesoma kwenye simu yangu kwamba ile chaneli yenyewe, baada ya kulizunguka bara zima, inafunga milango yake nchi moja baada ya nyingine, watu hawakai tena kusubiri wimbo. Nilisoma habari hiyo nikiwa kwenye foleni ya benki, machozi yakanitoka, mlinzi akaniuliza kama nimeibiwa.

Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu, na mtu aliyeubeba uongo huo kwa niaba yangu tumemaliza matanga yake jana.

Jana hiyo hiyo jioni nilikwenda kwa kaka. Sasa ana mashine yake mwenyewe ya kukoboa, karibu na stendi, na nywele zake zimekuwa nyeupe kwa umri na kwa vumbi la pumba, huwezi kutofautisha. Nilimwomba aizime kidogo. Nikakaa juu ya gunia la mteja, nikamwambia yote, maandishi, namba, na mlango wa ofisi ya walimu. Nikamwambia kwamba jirani alibeba mzigo usio wake mpaka kaburini.

Kaka alisikiliza huku akipangusa mikono kwa tambara, akipangusa mahali palepale.

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi na minne."

Akatikisa kichwa taratibu.

"Siku ile ya mwisho," akasema, "nilipokuwa namrudisha Idete, aliniambia kitu tukiwa njiani. Sikukuambia kwa sababu ungejivuna, na ulikuwa unajivuna vya kutosha. Alisema nisikate tamaa, nitengeneze wimbo mwingine mwakani, ila yeye nimwache. Akasema, 'Dunguni msimamishe mdogo wako. Yeye anajua Kizungu, hawawezi kumkataa.'"

Wateja walikuwa wameanza kunung'unika mlangoni. Kaka akalitundika tambara kwenye msumari, akanigusa bega mara moja, akaenda kuwasha mashine.